Chetezo Kilichotoka Mapema

Hadi leo tukinusa udi, wenzangu hukumbuka harusi. Mimi namkumbuka babangu akitabasamu kwa uchungu barazani petu, Ndia Kuu.

Mzee wa mtaa wetu alikuwa amechoka miguu, wazee wakakubaliana achaguliwe naibu, atakayesimama badala yake mbele ya Liwali na serikali. Waliotajwa ni wawili: babangu, na Bwana Shee muuza nguo. Loo, babangu aliutaka ule unaibu! Wiki nzima alikuwa akijaribu joho lake, na mamangu akimcheka chinichini. Alikuwa mtu mwema, hajui kumkatalia mtu. Akiamrishwa na mkubwa, jibu lake lilikuwa "inshallah" na viatu keshavaa.

Wazee walikutana kwetu alasiri. Kahawa ikazunguka, kila mmoja akasema lake kwa zamu. Sisi wanawake tulikuwa ndani, masikio dirishani. Waliotangulia walimtaka Bwana Shee. Marafiki wa babangu walikaa mwisho wa baraza, nao walikuwa wengi. Zamu ikiwafikia, mambo yangegeuka.

Hapo bibi yangu, mamake baba, akatia udi kwenye makaa, akamwita ami yangu.

"Peleka chetezo."

"Mama, bado hawajamaliza!" mamangu alishtuka.

"Peleka, nimesema."

Kwetu chetezo kikishatoka, shauri limekwisha. Watu hujifukiza, husoma Fatiha, wakaenda zao. Babangu alipokiona, uso ulimshuka. Lakini mwenye nyumba atakirudishaje ndani? Ni sawa na kuwatukana wageni. Akakipokea, akampa mzee wa kwanza kwa mkono wake mwenyewe, akitabasamu. Wazee wakafukiza ndevu, Fatiha ikasomwa, Bwana Shee akawa naibu.

Siku nyingi babangu hakusema na mamake ila salamu. Mimi nami nilimnunia bibi. Nilidhani uzee umemchanganya.

Kisha vikaja vita vya Mjarumani. Serikali ikataka wapagazi, na naibu ndiye aliyeamrishwa kuwatoa vijana majumbani. Masikini Bwana Shee! Alipita na askari mlango kwa mlango, mpaka akina mama waliokuwa wakinunua nguo kwake wakaacha kumwitikia salamu. Vijana wengi hawakurudi.

Ijumaa moja babangu alitoka matangani kwa jirani aliyefiwa na mwanawe huko vitani. Hakuvua hata kanzu. Aliingia jikoni, akatia udi mwenyewe, akampelekea bibi chetezo kitandani, akakishika chini ya mtandio wake mpaka moshi ukaisha.

"Mama," akasema, "mimi ningewatoa."

"Najua, mwanangu."

Bibi hakuwa na habari ya vita siku ile ya kahawa, wenzangu. Alimjua mwanawe tu.