Mfalme Ogu wa Karakana

Simu ya hospitali ilimkuta binti wa fundi karakanani akipaka rangi kitanda. Aliposikia baba hayupo tena, aliketi palepale, juu ya rangi mbichi.

Fundi huyo wa vitanda vya chuma alikuwa mrefu hata milango ilimfunza adabu. Kanisani walimwita Ogu, lile jitu la Biblia, mfalme adui wa Israeli aliyekuwa na kitanda cha chuma. Kila kitanda alikijaribu mwenyewe: alijilaza, miguu ikining'inia nje, akakunja mikono yenye makovu ya cheche, akakoroma kwa mzaha.

"Si ulipigwa na Musa wewe?" shemeji yake alimchokoza.

"Ndiyo, shemeji. Angempiga kibete kama wewe, nani angemshukuru Mungu?"

Zaburi ya shukrani inayotaja kuuawa kwa Ogu ndiyo aliyoipenda. Makaburini, mchungaji alinong'ona kwamba ataliruka jina hilo, maana msiba si mahali pa utani.

"Usiliruke, mchungaji," binti alisema. "Ukiliruka, utakuwa unamzika mtu mwingine."

Likasomwa. Shemeji akacheka huku machozi yakimtoka. Kisha wakamshusha, wakaomba, wakafukia.