Kilo za Mdogo Wangu

Wanunuzi binafsi wa pamba waliporuhusiwa kuingia Bariadi, kila mmoja alikuja na mizani yake, na baba hakuiamini hata moja. "Tuliibiwa na mmoja, ushirika, sasa tutaibiwa kwa zamu," alisema. Akanunua mizani yake mwenyewe, akaitundika kwenye mti uani. Pamba yetu ilipimwa nyumbani kwanza, ndipo itoke.

Ndiyo mizani tuliyompimia mdogo wangu. Alikuwa na miaka minne, na kula alikuwa anakula, jamani! Mama alimtilia samli kwenye uji mpaka ikaelea. Lakini mikono ilizidi kukonda, mashavu yakaingia ndani, uso ukawa wa kizee. Tumbo peke yake ndilo lililonenepa, tena upande mmoja, gumu. Mchana akisinzia mkekani nilikaa mbali naye, naogopa. Yeye alikuwa amelala, lile tumbo nikaliona kama liko macho.

"Tumpeleke hospitali," mama alisema.

Baba akamfunga mtoto kwenye kanga, akamtundika kwenye ndoano kama furushi la pamba. Mdogo wangu akabembea, akacheka. Mshale ukapita pale uliposimama mara ya mwisho.

"Ameongezeka!" Baba alifurahi kweli. "Na hii si mizani ya wale wezi, hii ni yangu. Tuvune kwanza."

Mama akapumua, majirani wakapiga vigelegele. Bibi, mama yake baba, alisogea mtini. Alimshusha mtoto, akamshika mkono, akamshika paja, kisha akaweka kiganja tumboni na kukiondoa haraka.

"Mmempima nani?" akauliza.

"Mayo, na wewe!" baba akamjibu mama yake. "Si mjukuu wako huyu?"

"Mjukuu wangu amepungua. Huyo aliyeongezeka simjui."

Mwili ulinisisimka. We acha tu, hata leo nikikumbuka sauti yake najikunyata.

Tukavuna. Kila tulipompima, kilo zilipanda. Siku aliposhindwa kusimama, baba na mama walimpeleka Malampaka, wakapanda treni kwenda Mwanza. Daktari alimbonyeza tumbo, akauliza mbona wamechelewa hivyo.

"Alikuwa anaongezeka," baba alijibu.

Ilikuwa saratani. Daktari alisema uvimbe ndio uliokuwa ukikua, na mwili wa mtoto ulikuwa unayeyusha mafuta yake wenyewe. Samli yote ile isingeyarudisha. Niliposimuliwa, nilimchukia daktari kwa kusema hivyo mbele ya mama.

Walirudi naye, akafia nyumbani. Tulimzika palepale, nyuma ya boma. Wanaume walitaka kumsaidia baba kumbeba, naye akakataa kwa ukali, akashuka naye kaburini peke yake. Alipotolewa alikuwa anahema, na jasho limemlowesha shati lote kwa ajili ya mtoto mdogo vile.

Akaenda moja kwa moja kwa bibi.

"Mayo," akasema, "nimembeba nani?"