Ndoo Arobaini za Buakeo

Mwaka huo Buakeo alifunga ndoo arobaini. Ndoo za plastiki za njano, ndani yake sabuni, dawa ya meno, sukari, mishumaa na kopo la maziwa, juu nailoni na utepe. Ndizo ambazo wanakijiji humpelekea mtawa hekaluni siku ya sikukuu, mvua zinapoisha, wakiwaombea wafu wao, na kwa miaka ishirini na miwili walizinunua dukani kwake.

Siku nyingine walimjia kwa chumvi na kiberiti tu. Mahitaji mengine waliyafuata Thailand, ng'ambo ya mto, Jumapili, kwa basi la darajani, wakarudi wamepakata mafurushi hadi kidevuni. Vitu vya Buakeo navyo vilitoka ng'ambo hiyo hiyo, ila vilipita kwa forodha, kwa tajiri wa jumla na kwa mwenye lori, na kila mmoja alimega chake. Angefanyaje, maskini?

Ndoo zikiuzika, angejaza rafu mpaka mwaka mpya wa Aprili. Zisipouzika, duka basi. Mkwewe, mume wa bintiye, angekifanya chumba kile gereji ya pikipiki. Alishakuja kupima mlango, tena bila hata aibu.

Kufikia asubuhi ya sikukuu alikuwa ameuza tatu. Akaingia Somchit, shoga yake wa tangu utotoni.

"Dada, hujabadili nguo mpaka sasa?"

"Nasubiri wateja."

"Wateja gani tena, jamani? Kijiji kizima tulikwenda ng'ambo Jumapili. Ndoo kule, kwa pesa yetu ya kip, ni elfu mia na thelathini, na chupa ya chai juu! Wewe elfu mia mbili. Usininunie lakini."

"Sikununii. Ila sabuni ni ile ile, Somchit. Kiwanda kimoja."

"Ya huku haitoi povu."

"Povu limezuiliwa forodhani, au?"

Somchit alicheka hadi akashika mlango. Kisha akainama nje, akarudi na ndoo ya njano yenye maandishi ya Kithai.

"Hii yako. Nikasema, dada yangu shughuli zimembana, acha nimnunulie ampelekee marehemu shemeji. Na usithubutu kunilipa."

Nyuma ya Buakeo zilisimama thelathini na saba, zimefungwa kwa mikono yake. Moyo ulimuuma, wala hakuwa na wa kumkasirikia, maana Somchit alikuwa amemtendea wema. Na huko kwao kitu cha sadaka hakikataliwi. Ukikataa, umemnyima aliyekufa.

"Ahsante, mdogo wangu," alisema, akaipokea.

Hekaluni ndoo zilipangwa safu kwa safu, karibu zote za ng'ambo. Ya Buakeo ilikaa katikati, haitofautiani na nyingine. Watawa walianza kusoma dua, na watu wakamimina maji polepole kutoka vibuyu vidogo, kila mtu akimtaja wake. Kila mwaka Buakeo alimwomba Bounthanh, marehemu mumewe, alilinde duka walilolifungua pamoja, wakiwa hawana hata kiti.

"Bounthanh," alinong'ona, "pokea ndoo hii. Kaitoa Somchit. Na duka usihangaike kulilinda tena, mume wangu. Nikitoka hapa nampa mkweo ufunguo."

Maji yaliisha kabla ya dua, naye akabaki ameinamisha kibuyu kitupu.