Gari Hili Lilikufaje?

"Mama Lucy, hivi magari yakifa huwa yanaletwa kwako kuzikwa au kufufuliwa?"

Swali hilo Specioza, jirani wa ukuta mmoja, alimwuliza Milembe siku moja akiwa amesimama uani kwa Milembe, beseni la nguo kichwani, akitazama ringi, springi na vipande vya bodi za malori vilivyolundikana mpaka kwenye banda la kuku.

Milembe alicheka mpaka akaweka randa chini. "Nayapumzisha tu. Yamehangaika na barabara miaka mingi."

"Mapumziko gani hayo, na bado yanakaliwa!"

Kazi hiyo ya kugeuza magari mabovu kuwa viti ilianzia kwa mumewe Yakobo, fundi springi wa hapa Bariadi, Mungu amrehemu. Yakobo alipofariki aliacha mashine ya kuchomelea, tupa, misumeno, na mke wa darasa la saba ambaye miaka yote alikuwa akimshikia vyuma. Watu walitegemea auze mashine. Hakuuza. Alichukua majani mawili ya springi, vile vyuma bapa vilivyopinda, yakawa miguu, juu akaweka ubao wa mkokoteni wa ng'ombe uliovunjika, na kiti hicho cha kwanza akakipeleka kanisani. Padri alipokikalia siku ya ziara, watu wakaanza kumtafuta.

Lakini walimtafuta kwa jambo jingine pia. Milembe hakugusa chuma wala ubao kabla ya kuuliza, "Gari hili lilikufaje?" Kama liliua mtu, alirudisha mzigo. Wengine walidhani anaogopa mizimu. Yeye alisema hapana, anamwogopa Mungu tu, ila mtu akikaa kumnyonyesha mtoto au kusali rozari, asikae juu ya msiba wa mwenzake. Basi mji mzima ukajua: kiti cha Milembe ni kisafi.

Aliyemletea mizigo ni Kasmiri, mkata vyuma chakavu wa Binza, kule Maswa. Hakuwa mfanyabiashara tu kwake. Ndiye aliyemsimamia binti yake Lucy ubatizo, mshumaa mkononi, akaahidi mbele ya watu kumkataa Shetani na kazi zake zote. Kwa miaka kumi na miwili Milembe aliuliza, Kasmiri akajibu.

Mwaka huu, kabla ya Kwaresima, alimletea mbao za bodi, za mninga, zenye rangi ya bluu.

"Hili lilikufaje?"

"Injini, dada. Lilichoka lenyewe kama mzee."

Kwa mbao hizo Milembe alimtengenezea kiti bibi Nyanjige, mwanajumuiya mwenzake. Bibi alikuwa na kigoda kifupi, isumbi ya zamani, na nyonga zilikuwa zimekataa, akikaa chini hainuki bila kushikwa. Milembe alimpa kiti chenye mikono miwili, zawadi ya Pasaka. Kama kawaida yake, alipiga randa upande wa juu tu. Upande wa chini aliuacha na rangi yake ya barabarani, ili mtu aone kiti kilikotoka.

Siku ya tatu bibi alimwita.

"Mwadila mayu," Milembe alimsalimia kwa Kisukuma, kama mama yake mzazi.

Nyanjige alikuwa mkekani, kiti kimepinduliwa mbele yake, miguu juu.

"Ng'wanone, mwanangu, ubao huu umeutoa wapi?"

"Kwa Kasmiri, mayu. Una ufa?"

Bibi aliweka kidole kwenye mchoro uliochimbwa kwa msumari: nusu mwezi, na mstari umeupita katikati. "Kusoma sijui. Lakini hii ni chapa ya ng'ombe wa mume wangu. Salu alikuwa anaichora kila anapofanya kazi. Aliniambia, mama, ukiona lori lenye chapa yetu ujue mimi niko juu."

Salu alikuwa mwanawe wa pekee, utingo wa lori la pamba. Mwaka juzi lilipinduka njia ya Bukundi, naye akiwa juu ya mzigo. Milembe alikwenda kwenye msiba, akapika, akalala matanga. Lori lenyewe hakuwahi kuliona.

"Ulijua?" bibi aliuliza.

"Sikujua, mayu. Niliuliza, nikaambiwa injini."

"Mji mzima unasema wewe ndiye unayeuliza." Akavuta khanga akajifunika uso. "Nimekaa siku mbili juu ya mwanangu."

Kesho yake asubuhi Milembe alipanda gari kwenda Maswa. Kasmiri alimpokea kwa kicheko chake kile kile.

"Karibu dada! Nina ekseli hapa, ukiiona utaimba!"

"Lile lori la bluu lilikufaje?"

"Si nilikuambia? Injini."

"Kasmiri. Nimetoka kwa mama yake utingo."

Akajifuta mikono, polepole, kidole kwa kidole. "Ah, dada. Ningekuambia ungekataa, na mbao zilikuwa nzuri. Mbao ina kosa gani?"

"Na mengine? Miaka yote hii?"

"Wewe unauliza, mimi nakujibu unachopenda kusikia. Si ulikuwa unafurahi?"

"Ni mangapi?"

"Nitakumbuka wapi, dada yangu? Mimi nakata vyuma, sipeleki magari hospitali."

Alimwomba waende wote kwa Nyanjige, akaseme kwa mdomo wake. Kasmiri akasema kuna mzigo unapakiwa, labda wiki ijayo. Milembe akamtazama usoni, akatafuta yule mtu wa mshumaa. Hakumwona.

Alhamisi jumuiya ilisali kwa Specioza. Nyanjige hakuja, na mahali alipozoea kukaa palibaki wazi. Wanne kati ya waliokuwepo walikuwa wamekalia kazi ya mikono ya Milembe, na Lucy, binti yake, alikuwa mmoja wao. Wakati wa maombi ya kila mtu ulipofika, Specioza, aliyekwisha kusikia habari yote, alimnong'oneza, "Nyamaza mama, bibi atasahau. Ukisema umejimaliza."

Milembe akasimama hata hivyo. Akawaeleza habari ya lori la bluu, na majibu aliyopewa Binza. Kisha akasema:

"Naomba kila mwenye kiti changu anirudishie. Niliwaambia ni visafi, na kumbe sijui."