Mstari wa Namba 701

Tak! Ndivyo ilivyolia swichi kubwa ya ukutani jana mchana, jenereta ya mtaa ilipopokea zamu. Mlio huo Hiyam aliukumbuka. Yaliyofuata hakuyakumbuka.

Miaka tisa sasa, katika ghala la dawa la mji wa Zahle, kazi ya kuandika jenereta inapowaka ilikuwa yake. Umeme wa serikali ukikatika, kompyuta iliyokaa kwenye betri iliandika yenyewe. Jenereta ikiwaka, ilibidi mtu aandike. Baba Shadi, mwangalizi wa jenereta, alikuwa akipaza sauti toka uani, "Mama Rami, nimewasha, andika!" naye Hiyam akifungua lile dirisha jeusi la kompyuta, akiandika amri, namba ya tukio 701, na maneno mawili: Jenereta imewaka. Saa ilijiweka yenyewe. Majokofu yalikuwa makuukuu, hayana kumbukumbu yoyote. Mstari ule tu ndio uliosema insulini ilikosa baridi kwa muda gani. Pasipo mstari, inatupwa.

Tangu mumewe, Habib, azikwe, siku thelathini na nane, mikono yake ilifanya kazi bila yeye. Ilipika, ikafua, ikashika kitasa cha ghala. Hakulia. Watu walisema ana moyo.

"Uliandika, hukuandika?" aliuliza Tanios, mkuu wa ghala. "Maboksi mia mbili, Mama Rami! Watoto wa zahanati ya bondeni wanayangoja kesho."

"Sijui."

"Hujui! Kwani nimekuuliza umri wa bibi yangu?"

"Mwache, wewe," alisema Nuhad, mfamasia. "Kwa joto la hizo kelele zako, dawa itaharibika tukiitazama. Fungua daftari la matukio."

Tanios akafungua kwenye kompyuta. Saa sita na dakika kumi: umeme umekatika. Akashuka na kidole kwenye kioo. Saa sita na dakika thelathini na sita: namba 701.

"Dakika ishirini na sita tu! Yamepona!" Kisha akasoma kwa sauti maneno yaliyoandikwa kwenye mstari ule: "Habib, umekula?"

Ndiyo saa ambayo Hiyam alikuwa akimpigia simu mumewe, kila siku ya kazi. Sasa aliutazama mstari kama mtu atazamaye nguo za jirani kwenye kamba.

"Mkaguzi anakuja," alisema Tanios, sasa kwa upole. "Tuufute, tuandike mwingine?"

"Mstari mmoja haufutiki. Utafuta daftari zima, na saa ya jenereta itakwenda nalo." Hiyam akavuta kibodi. "Naandika wa pili, wa kueleza."

Akaandika, namba 702: Mstari wa saa sita na dakika thelathini na sita ni wa jenereta kuwaka.

"Na mkaguzi akiuliza habari za huyo Habib, nimjibu nini?"

Nuhad alimkanyaga Tanios mguu, lakini neno lilikwisha toka.

Hiyam akafunga dirisha jeusi. Akajibu kwa sauti ndogo mno, hata ikabidi wote wawili wainame wasikie.

"Mwambie hajala."