Kikombe Chini ya Pazia

Watu wakisikia kazi niliyofanya huniuliza kama sikuwa naogopa maiti. Huwajibu kwamba maiti hana neno. Niliosha maiti katika hospitali moja ya Nairobi miaka ile ya tisini, wakati meza zetu hazikupata kukauka, na sikumbuki hata mmoja aliyewahi kuninyima usingizi. Aliyeninyima usingizi alikuwa hai, tena nyumbani kwangu, akiniita mwana.

Nilifundishwa kazi na mzee mmoja mfupi, mkali, aliyeanza kuosha maiti nikiwa bado nakojoa kitandani. Alinifundisha kwamba mtu akikata roho damu huacha kuzunguka, ikashuka upande aliolalia na kuacha mabaka ya zambarau mgongoni. Alinionyesha jinsi mwili unavyolegea kwanza, kisha unavyoanza kukakamaa usoni, kwenye kope na taya, ukishuka shingoni, mikononi, hadi miguuni, halafu ukalegea tena baada ya siku moja au mbili. Ndiyo maana taya hufungwa mapema, alisema. Ukichelewa, mtu anabaki ameachama.

"Mwili unasema kila kitu, kijana," alizoea kuniambia. "Ni wewe tu hujui kusikiza."

Nilijifunza kusikiza, nikajivuna. Kule mtaa wa Soweto, Kibera, nilikopanga chumba kimoja na mke wangu na watoto, mtu akifa kwenye ploti yetu, ile safu ya vyumba vya kupanga, nilikuwa naitwa mimi. Walionikwepa mkono wakati wa salamu ndio hao hao waliokuja mbio kunigongea mlango. Nilifunga taya, nikafumba macho, nikanyoosha miguu, nikanawa, nikaomba chai. Nilipenda vile wanawake walivyonitazama nikifanya hivyo. Sasa naona aibu hata kwa hilo, ingawa ndilo dogo kuliko yote.

Kisha mama mkwe akaugua.

Sisi Wakamba tuna heshima kati ya mwanamume na mama wa mke wake, tunaiita nthoni. Humshiki mkono, hukai naye karibu, hulali chini ya paa moja naye, na kitanda chake hukitazami kabisa. Mkikutana njiani, mmoja anatoka pembeni. Kwa miaka tisa ya ndoa nilikuwa nimemwona mama huyo uso kwa uso labda mara nne, na kila mara nikiangalia viatu vyangu.

Alitoka Kitui na tumbo limevimba. Hospitali wakampima, wakampima tena, kisha wakasema apelekwe nyumbani akapumzike, na sote tulijua maana ya kupumzika. Alikaa kwanza Kawangware, kituo cha 46, kwa shemeji yangu, mdogo wa mke wangu. Lakini shemeji alikuwa akitoka asubuhi kwenda kufulia watu nguo, mgonjwa akawa anashinda peke yake akikodolea mabati macho. Mke wangu akasema aletwe kwetu.

Nilinung'unika siku mbili. Chumba ni kimoja, mama mkwe atakaa wapi na mimi nitakaa wapi? Mke wangu hakubishana na mimi. Alichukua shuka la bluu, akalipitisha kamba, akagawa chumba katikati. Kitanda kikabaki upande wa ndani. Upande wa mlango kukabaki stuli mbili, jiko la makaa na mtungi wa maji. Mimi nikawa nalala kwa rafiki yangu ploti ya pili, na siku ambazo siendi kazini nakaa kwenye stuli, pazia likiwa kati yetu.

Huko ndiko mazungumzo yetu yalikoanzia, mimi na yeye. Kwa kuwa hatuonani, tuliongea. Aliniuliza habari za mvua kama kwamba mvua ya Kibera ingemsaidia mtu kupanda mahindi. Alicheka vizuri, kwa pumzi fupi. Siku moja akaniambia:

"Mwanangu, nasikia kazi yako ni kuosha watu."

Nikaona aibu, nikasema, "Ndiyo, mama."

"Ni kazi nzuri. Sasa sikia. Siku yangu ikifika, kama hakuna mwingine, wewe usiniogope. Mimi nimekuruhusu."

Nikasema, "Sawa, mama." Hakuna mtu mwingine aliyesikia maneno hayo, na nimeyanyamazia tangu hapo.

Zikapita wiki tatu. Asubuhi moja, siku yangu ya mapumziko, mke wangu alitoka nyuma ya pazia akiwa amekunja uso. Alinieleza kwamba mama hataki uji tangu jana, miguu yake ni baridi hadi magotini, na magoti yenyewe yana madoa. Vidole vyake vinachezea blanketi, vinavuta vuta nyuzi. Nilimsikiza nikiwa nimekunja mikono, fundi mkubwa. Nikamwambia mwili unajikusanya. Unaacha miguu na mikono ili damu kidogo iliyobaki ihudumie moyo. Hataki chakula kwa sababu tumbo limefunga kazi, usimlazimishe.

"Kwa hivyo ni leo?" akauliza.

"Kesho," nikasema. "Labda kesho kutwa. Mwite mdogo wako."

Nilisema kesho kama mtu aliyesoma kwenye karatasi. Ukweli ni kwamba nilijua waliokufa. Wanaokufa sikuwajua hata kidogo, kwani walikuwa wakiletwa kwangu kila kitu kimeisha.

Simu hatukuwa nayo, ilibidi mtu aende Kawangware kwa miguu yake. Mke wangu alijifunga leso, akasimama mlangoni.

"Utakaa na yeye?"

"Si niko hapa?"

"Mama wa samaki atarudi saa kumi, ataingia kumwangalia. Lakini mpaka hapo ni wewe tu, baba watoto."

"Wewe nenda," nikasema.

Mama wa samaki alikuwa jirani wetu wa mlango wa pili, mwanamke wa kutoka upande wa ziwa, aliyekaanga samaki na kuuza pale njiani. Watoto walikuwa shuleni. Nikabaki kwenye stuli.

Kama saa saba hivi, pumzi ya mama ilibadilika. Alivuta haraka haraka, nzito, kama mtu aliyepanda mlima, kisha akanyamaza. Nikahesabu kimoyomoyo, nikadhani amekwisha, halafu akavuta tena kwa nguvu. Ikaanza pia sauti ya kukoroma kooni, ya majimaji. Nilijua ni nini. Mtu akifika pale hawezi kumeza tena, mate yanakaa kooni na hewa inapita juu yake. Dawa yake ni ndogo: unamgeuza ubavu, unampanguza mdomo. Mtoto mkubwa anaweza kuifanya.

Sikusimama.

Baadaye kidogo akaita. Sauti yake ilikuwa nyembamba lakini maneno yalisikika, ya Kikamba, akasema mwana wangu, maji.

Nimejaribu miaka yote kujidanganya kwamba hapo nilizuiwa na mila. Miguu yangu ilisimama, nikachota maji mtungini kwa kikombe cha bati, nikafika kwenye pazia, na mkono wangu ukashika shuka. Mila ilikuwa imeondolewa njiani na mwenyewe aliyekuwa na haki ya kuiondoa. Kilichonizuia ni woga. Nilizoea watu ambao hawakutazami. Yule nyuma ya pazia angenitazama, angenijua, labda angenishika mkono na kufa akiwa ameushika, na mimi sikutaka macho hayo. Fundi mzima, mfunga taya wa ploti, nilishindwa na shuka.

Nikachuchumaa. Nikaliinua pindo la pazia kidogo, kiasi cha mkono, nikasukuma kikombe chini yake kwenye sakafu, upande wa kitanda.

"Maji hayo, mama," nikasema.

Nilisema hivyo nikijua kwamba hawezi kuinua hata kichwa. Nilijua, kwa kuwa asubuhi ile ile nilikuwa nimemweleza mke wangu vile mikono inavyoachwa na damu. Nikarudi kwenye stuli, nikakaa.

Hakuita tena. Pumzi zikaanza kuachana, taya likawa linachukua hewa lenyewe, kwa kushtuka, bila kifua. Ikaja moja. Nikangoja. Ikaja nyingine. Nikangoja tena, nikasikia redio ya jirani, mtoto akilia, mtu akigonga bati mahali. Pumzi ya tatu haikuja. Nilikaa pale, sijui kwa muda gani, nikijiambia kwamba bado anavuta, ili nisiwe na la kufanya.

Mama wa samaki alirudi saa kumi na nusu. Alinikuta nimekaa, akanitazama, akapita moja kwa moja ndani. Kisha akasema kutoka nyuma ya pazia:

"Huyu ameenda zamani. Taya imeshika. Haki, mbona hukuniita?"

Nikasema nilikuwa nangoja mwanamke. Alitoka akifuta macho kwa kanga, akanipapasa bega.

"Pole, jirani. Hata kwetu mkwe haingii. Si makosa yako."

Alisema kwa huruma na nikaipokea huruma hiyo. Aliporudi kwake kutafuta kitambaa cha kumfungia mama taya, nilipitisha mkono chini ya pazia, nikatoa kikombe. Kilikuwa kimejaa vile vile. Nikamwaga maji nje ya mlango, nikakiweka juu ya mtungi.

Mke wangu na mdogo wake, aliyesubiriwa hadi atoke kufua, waliingia jioni, jua likiwa bado halijazama. Kilio chao sitakieleza. Kilipopungua, mke wangu alitoka akaketi karibu na mtungi, akakiona kikombe kina unyevu ndani.

"Ulimpa maji?"

"Aliomba. Nikampa."

"Akanywa?"

"Akanywa," nikasema.

Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akaweka paji la uso juu yake, akasema asante. Mkono ule ule.

Kaka yake mkubwa alikuja na pikapu ya kuazima, wakampeleka mama kwenye mochari yetu, kwa sababu mimi ni mtu wa pale na atapata mahali pazuri. Sikwenda nao. Nilisema mkwe habebi.

Asubuhi nilipofika kazini mzee alikuwa ameshaanza. Hakujua ni nani, aliona mwanamke mzee tu aliyeandikishwa na vijana wa zamu ya jioni. Nilibaki mlangoni.

"Njoo uone," akaniambia. "Umesahau kusikiza? Tazama huu mdomo. Kitambaa kilifungwa baada ya taya kushika, kwa hivyo hakikusaidia kitu. Tazama midomo, imepasuka, ulimi umekauka kama ngozi. Mgonjwa wa nyumbani mwenye watu wake huloweshwa midomo, hata kwa kidole. Huyu hakupewa hata tone." Alilowesha pamba, akaanza kumfuta taratibu kwenye pembe za mdomo, akimsemesha kwa sauti ya chini kama alivyozoea. Kisha akageuka. "Alikufa peke yake. Watu wake walikuwa wapi?"

"Sijui, mzee," nikasema.

Nikatoka nje nikajifanya natafuta ndoo.

Siku ya kumchukua mama, mzee alituona pamoja, mimi na mke wangu, kaka yake na shemeji, tumesimama kando ya jeneza. Akasoma nyuso zetu kama anavyosoma kila kitu. Alimpa mke wangu pole, akawapa wengine, akafika kwangu. Alinishika mkono muda mrefu kuliko kawaida, akasema, "Pole, kijana," akarudi ndani. Tulifanya kazi pamoja miaka mingine minne na hakunigusia jambo hilo hata siku moja. Ningefurahi kama angenitukana.

Kitui, kaburini, kaka wa mke wangu alisimama kutoa shukrani. Akawaambia watu kwamba mama yao hakufa kama mtu asiye na watu. Alisema mkwe wake, huyu hapa, alikubali kuvunja heshima yote ili amnyweshe maji ya mwisho kwa mkono wake. Wazee waliguna, wakanitazama, wengine wakatikisa vichwa kwa kukubali. Mimi niliangalia viatu vyangu, na wote wakadhani ni adabu.

Habari ilirudi Nairobi kabla yetu. Tangu hapo, mtu akizidiwa kwenye ploti, hawangoji afe ndipo waniite. Husema mwiteni yule aliyemnywesha mama mkwe wake maji. Nami huenda. Huomba kijiko na maji ya uvuguvugu, nikakaa kitandani, nikainua kichwa cha mgonjwa na kulowesha midomo yake, akinitazama. Mke wangu akiwapo husimama nyuma yangu, huwaambia wenyeji, "Hata mama yangu alimfanyia hivi hivi."