Kupiga Goti kwa Kilatini

Darasa la nne sikulimaliza. Lakini shuka Kasulu leo, ulizia mashine ya kusaga isiyolala hata umeme ukikatika, utaletwa kwangu hata na mtu asiyenipenda. Nilitoka Kibondo na baiskeli na mgongo wangu. Mtu sikumwomba.

Ndiyo maana kijana wangu wa kwanza alipotaka kuoa binti wa mwalimu mstaafu kule Makere, niliona ni kazi ya asubuhi moja. Mshenga wetu akashikwa na malaria. Nikasema haidhuru, mdomo ninao, nikaenda na kijana mwenyewe.

Kwetu Waha kuposa ni gusaba, yaani kuomba. Unashusha kibuyu cha pombe ya ndizi, unajifanya huna mbele wala nyuma, unasihi. Mimi nikamwambia yule mwalimu, "Nimekuja kumchukua binti. Atalala nyumba ya vigae."

Kibuyu hakukigusa. Kabla ya ualimu aliwahi kusomea upadre, na anapenda watu wakumbuke.

"Bwana mashine," akasema, "Kilatini kina neno, supplicium. Ni kukunja magoti mbele ya mtu ukimsihi. Warumi wakalitumia hilohilo kwa adhabu, hata ya kifo, maana anayekatwa kichwa naye hupiga goti."

Shangazi wa binti akacheka chinichini. "Huyu hana magoti, kaka. Ana mikanda ya mashine."

"Sasa mimi niko kwenye maana ipi?" nikauliza.

"Anza na ya kwanza."

Kijana wangu alikuwa ananitazama. Nikapiga goti kwenye sementi, na suruali yangu ya kitambaa, mbele ya wanawake wanaokuja kusaga kwangu. Nikasema, "Mwalimu, naomba." Neno lenyewe sikulizoea.

Aliniacha palepale mpaka akamaliza kukoroga chai.

"Hapo umeomba vizuri," akasema. "Lakini binti hatutoi. Anayesema leo amekuja kuchukua, kesho atasema alinunua."

Basi maana zote mbili nilizipata kwa mkupuo, mimi ambaye wenye shahada zao wananiita bosi.

Binti ameolewa na mwingine. Kijana wangu yupo, anasimamia mashine ya pili, na salamu ananipa kama mteja. Mama yake alimuuliza ana kinyongo gani na mimi.

"Sina kinyongo, mama," akajibu. "Goti baba alilipiga. Ila alitangulia kuongea."